Kiwanja Lushoto: Nguzo za umeme zasema kabla ya dalali

Mkulima wa mbogamboga anayetafuta kiwanja chake cha kwanza Lushoto mara nyingi huanzia mjini na kurudi mkono mtupu. Milima ya Usambara ina tambarare chache, na wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama nao wanahitaji vyumba vya kupanga.

Nafuu hupatikana pale ambapo huduma ziko njiani lakini hazijafika. Dalili zake ni nguzo za umeme zinazosogea, mtaro wa bomba la maji na vyumba vipya vya kupangisha. Barabara ya lami ya Mombo–Soni–Lushoto, yapata kilomita 33, ndiyo inayovuta bei. Anayekaa mbali nayo hulipa kidogo, ila ajumlishe gharama ya kufikisha kabichi barabarani wakati wa masika.

Mtego uko kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja cha bei poa bondeni kinaweza kumeza akiba ya misimu kadhaa bila kujengwa.

Mnunuzi makini huanzia ofisi ya kijiji na ya ardhi wilayani, ndipo aende kwa dalali.