Ajali haina kinga? Tulichojifunza usiku mmoja tukirudi Kipawa



Wapendwa wasomaji, kuna msemo ambao sote tumeukuta na tunautumia bila kuufikiria: ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa redioni, na mara nyingine husemwa hata mimbarini. Sisi wawili tumeusema mara nyingi. Lakini tangu usiku ule tuliosafiri kurudi likizo nyumbani Kipawa, unatukwama kooni. Tungependa kueleza kwa nini.

Sisi ni mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa, wote tuna miaka 25, wote watoto wa Kipawa. Nyumba za wazazi wetu zimetenganishwa na kichochoro kimoja tu, jirani na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikipita watu hunyamaza kidogo kisha huendelea na mazungumzo pale walipoachia. Muhula ulipokwisha tulikata tiketi za basi la usiku kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam. Tulichagua la usiku kwa sababu nauli yake ilikuwa nafuu kidogo, na kwa sababu tulitaka kuwahi Misa ya asubuhi parokiani kwetu. Jina la kampuni hatulitaji. Shida yenyewe si ya kampuni moja.

Basi lilipaswa kuondoka saa 1 jioni. Saa 2 tuliambiwa linaoshwa. Saa 3 tuliambiwa linajaza mafuta. Lilipofika tukakuta siti zetu zimekaliwa na baba mmoja na mwanawe, nao wana tiketi zenye namba zilezile. Konda alitazama tiketi zote nne, akacheka, akatusogeza mbele kwenye kiti cha nyuma ya dereva, ambacho kilikuwa na magunia mawili ya vitunguu. Magunia yakahamia kwenye njia ya katikati. Juu ya magunia wakakaa abiria wengine wawili. Saa 4 usiku tukaondoka, wapiga debe wakiwa bado wananing'inia mlangoni.

Pale mbele tulisikia maneno ambayo abiria wa nyuma hawakuyasikia. Dereva alimuuliza konda, "Mwenzangu yuko wapi?" Konda akajibu kwamba dereva wa pili amepigiwa simu hapatikani, na bosi amesema gari isilale. Dereva akasema, "Mimi nimeingia mchana huu kutoka Dar." Kisha akawasha gari.

Msomaji, hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia, ingawa wakati ule hatukujua. Taratibu za LATRA zinataka basi la safari inayozidi saa 8 liwe na madereva wawili. Sisi hatukuwa wageni wa jambo hilo. Lilikuwa likitangazwa sana tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa katazo la mabasi kusafiri usiku lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Tulisikia, tukatazamana, na mmoja wetu akasema, "Mungu atatufikisha." Mwingine akaitikia, "Amina." Tukajifunika masweta.

Tulipita Sabasaba, Same, karibu na saa 6 usiku. Ndipo mahali ambapo Juni 28, 2025 basi na gari aina ya Costa viligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa safarini kwenda harusini. Ndani ya basi letu kelele zilipungua zenyewe. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Ajali haina kinga." Hakuna aliyembishia.

Mbele kidogo ya Same tairi la nyuma likapata pancha. Tairi la akiba lilikuwapo, lakini jeki haikuwapo. Tulikaa kandokando ya barabara saa mbili nzima gizani, watoto wakilia, wanaume wakienda kuchimba dawa upande mmoja na wanawake upande mwingine, hadi lori moja liliposimama na kutuazima jeki. Tulipoondoka ilikuwa saa 8 na nusu. Na hapo abiria ndio walioanza. "Dereva kanyaga!" "Dereva sisi tuna kazi asubuhi!" "Konda, mwambie huyo, huu ni mwendo wa harusi!" Sisi hatukupiga kelele hizo. Lakini tukiri: tulifurahi gari lilipoongeza mwendo, kwa sababu tuliiwaza ile Misa ya asubuhi.

Baada ya Mombo mmoja wetu alimwona dereva kwenye kioo akifumba macho. Basi likahama taratibu kuelekea upande wa pili wa barabara, kisha likarudi kwa kishindo. Akamwamsha mwenzake. Baada ya dakika chache magurudumu ya kushoto yakakanyaga changarawe. Tulifanya nini? Tulitoa rozari. Tulisali Matendo ya Uchungu kwa sauti ya chini, tukiwa nyuma kabisa ya mgongo wa dereva, umbali ambao ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa bega.

Aliyesimama ni mama mmoja, mwenye vile vitunguu. Alipita juu ya magunia yake mwenyewe, akashika chuma cha mbele, akasema, "Mwanangu, umechoka. Simamisha gari unawe uso." Konda akamwambia, "Bi mkubwa, rudi kwenye siti yako." Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama kama unaogopa ungepanda ndege!" Watu wakacheka. Mama hakugeuka. Alisema tena, polepole, "Mwanangu, nami nina mtoto dereva. Simamisha." Akabaki amesimama hivyo hivyo, hajibu matusi, hakai, mpaka taa za Korogwe zikaonekana. Dereva akasimamisha gari. Akashuka, akanawa, akanywa kahawa, kisha akalaza kichwa kwenye usukani akalala dakika 45. Abiria walinung'unika dakika kumi za kwanza. Zilizobaki walilala nao.

Tulifika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa 5 asubuhi. Misa ilikuwa imekwisha kitambo. Tulimsaidia mama kushusha magunia, tukamwambia, "Shikamoo mama, asante sana kwa usiku." Akatutazama. "Marahaba wanangu. Ni nyie mliokuwa mnasali rozari? Nilisikia. Ndiyo iliyonipa nguvu ya kuinuka."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna lawama ambayo ingetuchoma kama shukrani ile.

Kwenye daladala ya kupitia Kinyerezi hatukuzungumza. Tuliposhuka Majumba Sita kutafuta gari jingine la Kipawa ndipo tulipoanza kubishana, na ubishi huo ndio uliozaa makala hii. Mmoja wetu alisema: yule mama amethibitisha kwamba sala yetu ilifanya kazi. Mwingine akasema: ilifanya kazi kwa mama, je, kwa nini haikufanya kazi kwetu?

Tuanze na falsafa, maana ndiyo tunayolishwa kila siku. Aristotle katika kitabu cha pili cha Fizikia anauliza bahati ni nini. Anatoa mfano wa mtu aliyekwenda sokoni kwa shughuli nyingine akakutana na mdeni wake na kulipwa fedha zake. Hakwenda kwa ajili hiyo. Njia mbili zilikutana bila yeyote kukusudia. Hiyo ndiyo bahati, iwe njema au mbaya. Sasa tujiulize: dereva aliyeingia mchana kutoka Dar, akarudishwa usiku uleule kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, bila mwenzake, abiria wakimhimiza akanyage, akisinzia na kugonga, je, hiyo ni bahati mbaya? Hakuna njia mbili zilizokutana bila kujuana. Ni njia moja iliyonyooka, na kila hatua yake ilikuwa na mtu aliyeijua. Bosi aliijua. Konda aliijua. Dereva aliijua. Na siti ya nyuma ya dereva ilikuwa na wanafalsafa wawili walioijua tangu Moshi. Jambo kama hilo lina kinga. Tena kinga yake ilikuwa rahisi: mtu mmoja kusimama.

Kuna watakaosema: lakini mafrateri, yote yako mikononi mwa Mungu. Ni kweli, nasi tunaamini hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba Mungu huviongoza viumbe kwa njia ya viumbe vingine, si kwa sababu amepungukiwa uwezo, bali kwa wema wake, ili vijaliwe hadhi ya kuwa visababishi. Tukilielewa fundisho hilo, kusema "Mungu atatufikisha" hakutoshi. Mungu alikuwa ameshaweka mikono miwili nyuma ya bega la dereva. Mikono hiyo ilikuwa imeshika rozari, na rozari ni njema. Lakini tuliishika ili tusilazimike kumgusa yule bega. Huo ndio ukweli, na tumeupeleka kwenye kitubio. Kila mwanzo wa Misa tunaungama hadharani kosa la kutofanya tuliyopaswa kufanya. Usiku ule tulilijua kosa hilo kwa sura na kwa namba ya siti.

Katika mfano wa Msamaria Mwema kuhani na Mlawi walipita kando. Tumezoea kuwaona kama watu wenye roho ngumu. Siku hizi tunawaona kwa namna nyingine. Huenda walikuwa wanawahi ibada.

Hatupendi kusahau upande wa pili. Abiria anayesema usiku porini anaweza kushushwa akaachwa hapo. Anaweza kutukanwa na gari zima, kama yule mama. Hofu hiyo ina sababu, na Aristotle mwenyewe hasemi kwamba jasiri haogopi kitu. Anasema huogopa inavyopasa na bado husimama. Tena dereva si adui. Akikataa kuendesha, kesho kuna mwingine mlangoni mwa bosi anayesubiri usukani. Tulipomwona amelaza kichwa Korogwe, mdomo wazi, tulimwona mtu wa umri wetu. Naye ana mama yake mahali. Kumwacha aendeshe huku anasinzia haikuwa huruma kwake. Kumsimamisha ndiko kulikuwa huruma.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likishughulikia uchungaji wa wahamiaji na watu walio safarini lilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani, ndani yake zikiwamo amri kumi za madereva. Ya kwanza ni Usiue, na ya mwisho inatukumbusha kwamba tunawajibika kwa wenzetu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuisikia ikitajwa katika jumuiya? Nasi ni taifa la safari. Kila Desemba nusu ya majirani zetu hapa Kipawa hufunga mizigo kwenda Kilimanjaro, wengine Kagera, wengine Mbeya na Ruvuma. Tunawaombea safari njema. Tunaweza kufanya zaidi ya hapo.

Mapendekezo yetu ni madogo. Kwanza, kabla ya likizo za Desemba jumuiya ndogo ndogo zitenge siku moja kuzungumzia safari: haki za abiria, dereva wa pili, mwendo wa mwisho wa kilomita 80 kwa saa, na namna ya kutoa taarifa LATRA au polisi. WAWATA, UWAKA na VIWAWA wana uwezo wa kumwalika askari wa usalama barabarani bila gharama kubwa. Pili, wanaosafiri pamoja wapatane kabla ya kupanda: mmoja akisimama, wa pili asimame naye. Kijana yule asingemcheka mama kama tungekuwa watatu pale mbele. Tatu, madereva na makonda ni waamini wetu. Kazi yao haiwaruhusu kuja Misa za saa zetu, basi tuwafuate. Na nne, tuache kuhimiza mwendo. Anayepiga kelele "kanyaga" amekamata kipande cha usukani.

Tulipofika Kipawa saa 7 mchana, mama wa mmoja wetu alitupokea mabegi akasema, "Poleni wanangu. Tumshukuru Mungu, ajali haina kinga." Tulinyamaza tena. Ndege ilikuwa inashuka, na safari hii kelele yake ilitufaa. Ilipokwisha pita, tukamwambia, "Mama, keti kidogo. Tuna jambo la kukueleza."