Matibabu ya Mzee Si Hisani

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza kwamba mzee aliyetimiza miaka 60, asiye na uwezo, atibiwe bila malipo. Agizo hilo halikuwa sadaka. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee na maradhi.

Hata hivyo, wapo watumishi, ingawa si wengi, wanaomhoji bibi kizee mbele ya foleni nzima kama kweli hana mtoto wa kumlipia, kisha wakamrudisha kijijini akalete barua ya mtendaji. Kumtembeza hivyo mgonjwa ni kumnyima dawa kwa maneno ya adabu.

Upungufu wa dawa ni wa kweli, na mganga asilaumiwe kwa kabati tupu. Lakini faragha na lugha ya heshima haviagizwi kutoka bohari.

Viongozi wa vijiji wawaorodheshe wazee wao kabla hawajaugua; walimu, wanaozifahamu kaya nyingi, wawasaidie. Na orodha hiyo isibandikwe ukutani kama ya wadaiwa wa kodi. Ikabidhiwe zahanati, isomwe na anayehusika tu.