Uwanda wa Ruzizi: juu ya nini simu haipiti saa watu wote wanapiga

Wakaaji wa Mutarule, Luberizi na Sange wanajua hali hii. Mlio wa risasi unasikika, kila mtu anashika telefone, na telefone inajibu kwamba rezo imejaa. Watu wanasema kampuni imekata. Mara nyingine ni kweli: mazuti ya mnara imekwisha ao betri zimechoka, na telefone haionyeshi rezo hata kidogo. Lakini kama vijiti vinaonekana, mnara uko hai. Kinachokosekana pale ni nafasi.

Nafasi hiyo inahesabika. Serikali, kupitia mamlaka yake ya ARPTC, inagawia kila kampuni sehemu ya mawimbi, na kampuni inaikata vipande. Kwa 2G, ile rezo ya telefone ndogo za vibonye, kila kipande kina upana wa kilohezi 200 na kinabeba zamu 8. Ni kama bomba moja ya maji na madumu manane: kila dumu linapata kidogo, linapisha linalofuata, halafu zamu inarudi. Mzunguko mzima unapita chini ya sehemu 5 za sekunde iliyokatwa mara 1,000, ndiyo maana sikio halitambui kwamba sauti imekatwakatwa. Dumu la tisa halina pa kukaa.

Na zamu moja ao mbili zinawekwa kando kwa kazi ya rezo yenyewe. Kwa hiyo upande wa mnara wenye kipande kimoja unabeba mazungumzo 6 ao 7 kwa wakati mmoja. Kampuni inaweza kukata zamu mara mbili ili watu wengi zaidi waingie, sauti inaharibika kidogo. Inaweza pia kuongeza kipande cha pili, na hapo zinaongezeka zamu 8. Kwa mashambani hesabu inafanywa kwa siku za kawaida, na siku za kawaida watu hawapigi wote pamoja.

Ni maendeleo hata hivyo. Telecel, kampuni ya Miko Rwayitare iliyoanza Kinshasa mwaka 1986 wakati wa Zaire, ilitumia simu za zamani ambazo kila mazungumzo yalichukua kipande chake peke yake mpaka mtu akate. Simu ile ilikuwa ya wakubwa.

Sasa, mesaji ya SMS inapita wapi? Haingii katika zamu za sauti. Inapita katika ile zamu ya kando, ambayo inaweza kukatwa tena njia ndogo 8, na kila mesaji inashika njia yake sekunde chache tu, kisha inaiacha. Ndiyo sababu mesaji inaweza kufika usiku ambao hakuna simu inayoita. Herufi 160 zinatosha kuandika mahali, saa na upande wanakoelekea. Ukitia emoji moja tu, nafasi inashuka hadi herufi 70, na mesaji ndefu inakatwa vipande viwili.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Simu ya sauti nayo inaanzia katika njia hizo ndogo, kabla haijapewa zamu yake. Mtu anayepiga, anakataliwa, anapiga tena mara ishirini, anaziba njia ambayo mesaji ya jirani ingepitia. Kijiji kinachotaka habari itoke usiku kingefanya vizuri kukubaliana mapema nani anaandika, na wengine waache vidole.

Wengine watasema: WhatsApp ipo. Ipo, kwa aliye karibu na mnara. Wimbi la redio lenyewe ni bubu. Linapata maana pale mnara unapolibadilisha umbo, na kila umbo ni ishara. Mtu akikuonyesha ishara kwa vidole uko naye uani, unatofautisha ishara nyingi. Akiwa ng'ambo ya mto, unaona tu kama mkono uko juu ao chini. 4G inafanya vilevile: karibu na mnara inaweza kutumia maumbo 64, kila moja likibeba biti 6, mbali inarudi kwenye maumbo 4, biti 2 tu. Wimbi ni lilelile, mzigo umebaki theluthi moja. Sauti iliyorekodiwa inazunguka, inazunguka, haiendi. Na telefone ikipoteza kabisa rezo ya Kongo inaweza kushika ya Burundi, ng'ambo ya Ruzizi, ambako unite za hapa zinaisha haraka ao hazikubaliwi.

Mutarule ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu si chini ya 30 waliuawa pale, wengi wakiwa katika ibada ya nje. Human Rights Watch iliandika kwamba askari wa FARDC na wa MONUSCO, waliokuwa kilomita chache tu, walipata habari shambulio likiendelea na hawakuingilia. Usiku ule habari ilifika. Rezo haiwezi kubebeshwa lawama hiyo.

MONUSCO, iliyokuwa ikigawa telefone kwa vikundi vya kutoa alama ya hatari, ilifunga kazi Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Namba ya kambi iliyofungwa haijibu hata rezo ikiwa nzuri, kwa hiyo mwenye namba za wakati ule azijaribu sasa, mchana, kungali utulivu. Kwa kampuni za simu, ahadi ya 4G ni nzuri kwa mji wa Uvira. Kwa vijiji vya uwandani wachifu na mashirika ya raia waulize kwanza mambo mawili: upande wa mnara unaotazama kijiji una vipande vingapi vya 2G, na mazuti inayowekwa jioni inafika saa ngapi.