Hukumu Isiyo Haki juu ya Wadudu wa Majanini

Ipo desturi mbaya iliyozoeleka katika masomo ya kilimo: kila mdudu aonekanaye juu ya jani huitwa mharibifu kabla halijajulikana jina lake, chakula chake wala kazi yake. Akikutwa juu ya mhindi, amekula mahindi. Asipokutwa akila kitu, husemwa kuwa angoja usiku. Hukumu ya namna hii ingalikuwa aibu mahakamani, lakini katika elimu ya viumbe hupita kama hekima.

Na utazamwe uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kimo cha mita 2,600 hivi juu ya bahari. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Sifa yake ni maua: aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi. Hesabu hiyo hukaririwa na karibu kila mwenye kuandika habari za Kitulo. Hesabu ya wadudu wa majani yale yale ni nadra kutajwa. Husifiwa pia mbayuwayu wa buluu azaaye huko, ndege aliye hatarini kutoweka, kana kwamba alishwa na upepo.

Chawajani, wale wadudu wadogo wenye umbo la kabari warukao mguu upitapo majanini, ni jamaa yenye spishi zaidi ya 20,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Vidukari ni kiasi cha 5,000, na vithripi kiasi cha 6,000. Wala hawaishi ovyo. Wako wakaao chini kabisa penye unyevu, wako wa katikati ya bua, wako wa kwenye kichwa cha mbegu. Wako wanyonyao utomvu wa aina moja tu ya nyasi, hata nyasi hiyo ikitoweka nao hutoweka. Wengi hutaga mayai ndani ya bua lenyewe. Kwa hiyo afyekaye uwanda wote kwa siku moja, au autiaye moto wote pamoja, hakati majani tu: abomoa nyumba ya ghorofa pamoja na vitanda vya watoto. Maua huchipua tena mwaka wa pili, na mpita njia akasema hapana kilichopotea. Kufyeka kwa vipande na kwa zamu kungeliwaachia mahali pa kukimbilia.

Watetezi wa desturi ile hawakosi jawabu. Husema: je, ugonjwa wa milia ya mahindi hauenezwi na chawajani? Naam, huenezwa, na mwenezaji ajulikanaye zaidi ni Cicadulina mbila. Lakini H. H. Storey, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alitangaza mwaka 1932 kwamba ndani ya spishi hiyo moja wamo wawezao kueneza ugonjwa na wamo wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Mwaka uliofuata akaonyesha kuwa asiyeweza, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, huweza. Yaani kizuizi kilikuwa katika utumbo wake. Basi ikiwa katika spishi yenye hatia ya kweli wamo wasio na hatia, ni kwa sheria gani jamaa nzima yahukumiwa? Jambo hili liligunduliwa katika nchi hii hii, na bado wako wafundishao kama kwamba halikugunduliwa.

Lugha nayo imeshiriki. Kiswahili hutenga kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kwa kuwa wenye minazi waliitazama minazi yao. Chawajani, vidukari na vithripi walipata majina kwa sababu walimkera mkulima. Jamaa zao wasiomkera mtu huitwa dudu, basi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aandikaye habari za wadudu wa Kitulo hulazimika kushika Kilatini kila mstari, na mchungaji aliyekua katika majani hayo hawezi kuusoma waraka wake. Wazee wa Kikinga na wa Kisafwa waishio jirani na uwanda huo bado wangojea kuulizwa wanawaitaje.