Usimchape anayechafua nguo, huenda amefunga choo

Mtoto wa darasa la kwanza anarudi kutoka shule, anapanda mawe ya mlima wa Mkolani hadi nyumbani, na nguo yake ya ndani imechafuka tena. Mama anadhani anaharisha. Baba anasema ni uzembe, anatafuta fimbo.

Mara nyingi tatizo ni kinyume cha kuharisha: mtoto amefunga choo. Huanza na jambo dogo. Siku moja choo kilikuwa kigumu kikamuumiza, au choo cha shule ni kichafu na hakina mlango, basi anajibana. Choo kikikaa tumboni, utumbo mpana hukifyonza maji, kikazidi kuwa kigumu. Kikishajaa, choo chepesi hupenya pembeni na kuvuja bila mwenyewe kujua. Ukimchapa, unamwongezea hofu, naye atajibana zaidi.

Mtoto anayepata choo mara 2 au pungufu kwa wiki, au anayekazana huku akilia, anahitaji msaada.

Anzia jikoni. Ugali wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko wa sembe. Pembeni ya sato au dagaa weka matembele au mlenda. Mpe maharage, papai, embe wakati wa msimu, na viazi vitamu au michembe badala ya biskuti. Anywe maji safi na salama mara kwa mara, na abebe chupa yake shuleni.

Kisha mjengee mazoea. Tumbo likipata chakula, utumbo nao huamka. Hivyo baada ya chai ya asubuhi au chakula cha jioni, mpeleke chooni akae dakika 5 hadi 10 bila kuharakishwa. Kama choo ni cha kukaa, miguu ikanyage kigoda. Mpongeze hata asipopata kitu.

Usimwingizie dawa za kienyeji kwa nyuma. Akishaanza kuchafua nguo, chakula peke yake hakitoshi. Mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya kulainisha choo, ambayo huenda akaitumia kwa miezi kadhaa. Usichelewe iwapo anatapika, tumbo limevimba, anatoa damu au anakonda.

Na kwenye kikao cha wazazi, mbali na maendeleo ya masomo, ulizia pia vyoo vya shule.