Pipa la Mama na Haki ya Maji



Huku kwetu Tarime na Serengeti kila homa huitwa malaria. Mazoea hayo yana sababu, kwani malaria imezika wengi katika Mkoa wa Mara. Hata hivyo, yaweza kutupofusha. Mwaka 2019 homa ya dengue, ambayo pia huitwa kidingapopo, iliwapata watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wakazi wa Dar es Salaam na Tanga. Mabasi yaendayo Mugumu, Tarime na Sirari hutoka huko huko. Hatuna budi kujiandaa kabla ya msiba kubisha hodi.

Mbu aenezaye dengue si yule wa malaria. Huyu ni mweusi mwenye madoadoa meupe, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Hutaga katika maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, dumu lililokatwa, tairi bovu, kopo lililotupwa. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Yapasa chombo kisuguliwe kila juma na kufunikwa vema.

Hapa ndipo suala la afya linapokuwa suala la haki. Mara nyingi mama hulaumiwa kwa pipa lisilofunikwa. Ni nani amewahi kuuliza kwa nini analo pipa? Mwenye bomba litoalo maji kila siku hana haja kubwa ya akiba. Lakini aliyeteka maji mbali, akayabeba kichwani, hawezi kuyamwaga kwa sababu tu bwana afya amesema. Kumwonya mama huyo bila kudai huduma ya maji ni kumtwisha maskini mzigo wa wengine. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila binadamu. Basi tuidai, kwa amani na bila woga.

Haki ya pili ni ya mgonjwa. Mwenye homa ambaye kipimo hakikuonyesha malaria asipewe dawa za kubahatisha, wala jirani asishukiwe kuwa amemroga. Mwaka 2019, baada ya wananchi kulalamikia gharama, serikali iliagiza kipimo cha dengue kitolewe bure katika hospitali za umma. Haki hiyo isiishie mijini. Dengue haina dawa yake maalumu. Mgonjwa huhitaji mapumziko, vinywaji vya kutosha na parasetamoli. Asipewe asprini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu wasichukue virusi kwake na kuvipeleka kwa wengine. Tena homa ikishuka tusijidanganye: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi ni amri ya kwenda hospitali mara moja.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiwekee siku moja katika juma ya kusafisha vyombo vya maji, ikianza na nyumba za wazee, wajane na wagonjwa. Pili, viongozi wa walei wapeleke suala la maji na vipimo katika mkutano mkuu wa kijiji, mahali ambapo kila mwananchi mtu mzima ana sauti. Waulize fedha za maji zimefanya nini, na visima vibovu vitatengenezwa lini. Majibu yaandikwe katika muhtasari, na mkutano ufuatao yafuatiliwe.

Kusugua pipa ni wajibu wetu. Kuleta maji ni wajibu wa waliokabidhiwa mali ya umma. Tusitimize la kwanza tukanyamazia la pili.