NYUMBA NA JAMAA: Maji Huondoka, Chumvi Hubaki

Askari wengi wa Uganda waliotumwa Mogadishu kuanzia mwaka 2007 walikaa miezi mingi kando ya Bahari ya Hindi. Si ajabu, basi, iwapo mtu aliyekwisha kuizoea bahari atatamani kuwa na kipande chake kidogo sebuleni: tangi la kioo, mawe machache, na samaki wawili watatu wenye rangi za kupendeza. Watoto hufurahi, na mgeni hutazama mpaka chai yake ikapoa. Lakini samaki wa baharini afugwaye mbali na pwani hana bahari ya kumtunza. Hutunzwa na jamaa ya nyumba ile, na jambo la kwanza linalowapasa kulijua ni kiasi cha chumvi katika maji.

SABABU YA KIPIMO

Katika bahari kuu, kila kilo moja ya maji huwa na gramu 35 hivi za chumvi. Mwili wa samaki wa baharini una chumvi pungufu kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji humtoka mwilini mchana na usiku, naye hulazimika kuyanywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kwa njia ya matamvua. Ngege wa ziwani hali yake ni kinyume: maji humwingia bila kuyanywa, na figo zake huyatoa kwa wingi. Ndiyo sababu wa ziwani hawezi kuwekwa pamoja na wa baharini.

Chumvi ikizidi katika tangi, samaki wa baharini hutumia nguvu nyingi zaidi ili asikauke, ingawa yumo ndani ya maji. Atavumilia kwa muda, lakini atadhoofika. Matumbawe na viti vya pweza huumia upesi zaidi, kwa kuwa viumbe hao hawana njia ya kujilinda maji yanapobadilika.

KOSA LA KAWAIDA

Kila siku maji ya tangi hugeuka mvuke na kupungua, hasa wakati wa kiangazi katika sehemu zenye joto kama Gulu na Moroto. Chumvi haigeuki mvuke, hubaki. Mtu asiyelijua jambo hili huona maji yamepungua, akakoroga maji mapya ya chumvi, akajaza. Hapo ndipo madhara huanza.

Na uchukuliwe mfano wa tangi la lita 100. Ndani yake mna chumvi kilo tatu na nusu hivi. Lita 10 zikikauka, kilo zile zote hubaki katika lita 90, na kiasi cha chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu gramu 39 kwa lita. Lita 10 za maji baridi yasiyo na chumvi zikitiwa, kipimo hurudi mahali pake. Zikitiwa lita 10 za maji ya chumvi, tangi huwa limeongezewa gramu 350. Kosa hilo likirudiwa mara nne, gramu 35 zitakuwa zimekuwa 49, na samaki watakufa bila mtu nyumbani kufahamu sababu.

Kanuni, basi, ni hii: maji yaliyokauka hulipwa kwa maji baridi, maji yaliyotolewa kwa ndoo wakati wa kusafisha hulipwa kwa maji ya chumvi, kwa maana hayo yaliondoka pamoja na chumvi yake. Ili kurahisisha kazi, ubandikwe utepe nje ya kioo kuonyesha mahali maji yanapopaswa kufika. Maji ya kujazia yatiwe kidogo kidogo kila siku, wala yasingojwe mpaka yapungue sana. Maji ya bomba yenye klorini yatolewe klorini hiyo kwanza kwa dawa iuzwayo kwa kazi hiyo. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati hayafai, kwani huweza kubeba zinki.

CHUMVI GANI?

Chumvi ya jikoni haifai. Hiyo ni karibu yote chumvi ya aina moja tu, hali gramu 35 za bahari zina kiasi cha gramu tano za vitu vingine: magnesi, salfeti, kalisi, potasi na kadhalika. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alitangaza matokeo ya kuyachunguza maji 77 yaliyokusanywa na meli Challenger kutoka bahari mbalimbali, akaonyesha kwamba uwiano wa vitu hivyo ni karibu ule ule kila mahali. Chumvi ya Ziwa Katwe nayo, pamoja na sifa zake zote, ina magadi na salfeti kupita uwiano huo. Inunuliwe chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini.

Chumvi hiyo ikorogwe katika ndoo ya plastiki isiyopata kutiwa sabuni, iachwe mpaka kesho yake huku maji yakichezwachezwa na pampu, kisha ipimwe. Chumvi kavu isimwagwe kamwe ndani ya tangi lenye samaki.

KUPIMA NA KUANDIKA

Kipimo cha bei nafuu ni haidromita, ambayo huonyesha uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi. Wafugaji wengi huyaweka maji yao kati ya 1.024 na 1.026. Kipimo kisomwe katika joto lililoandikwa juu yake. Mapovu yakikishika hukiinua, kikaonyesha chumvi nyingi kuliko iliyopo. Baada ya kazi kisuuzwe kwa maji baridi. Utando mweupe unaoota juu ya kifuniko nao ni chumvi iliyotoka katika tangi, hivyo kipimo huweza kushuka pia. Kupima mara moja kwa wiki kwatosha tangi likishatulia.

Ikionekana chumvi imezidi, isirekebishwe kwa pupa. Yatolewe maji kidogo ya tangi na kutiwa maji baridi mahali pake, kwa siku kadhaa. Ikiwa imepungua, ipandishwe polepole zaidi, kwa kuwa samaki huumizwa upesi na chumvi inayopanda ghafula.

Kazini, mlinzi haachi lindo kabla ya kukabidhi zamu. Koplo anayefuga samaki naye, apatapo amri ya safari, amkabidhi mkewe au mtoto mkubwa daftari lenye tarehe, kipimo na kiasi cha maji yaliyotiwa, amwonyeshe ndoo ya maji baridi na ndoo ya maji ya chumvi, kila moja ikiwa na jina lake. Mkuu wa nyumba akiwa mpakani mwezi mzima, uhai wa samaki wale utategemea ndoo ipi imeinuliwa. Na jamaa inayoona kwamba gharama ya chumvi itagusa fedha za chakula au karo, na ifuge samaki wa maji baridi kwanza. Hao nao hupendeza, wala hawadai bahari.